Jicho la Kulia la Mama Mkwe

"Mringaringa? Si ndiko unakofanya kazi, mama Brenda?"

Kwenye swali hilo la Filemon ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na mpaka sasa Lukresia hajapata jibu. Yuko vilevile, amesimama mbele ya dirisha la bima la hospitali kubwa mjini Moshi, pochi kaibana kwapani, na karani amewageuzia kioo cha kompyuta wasome wenyewe.

Kwa aliyeikosa wiki ile, mambo yalikuwa hivi. Mama Veronika Mlay wa Mwika, mama mzazi wa Filemon, ana jicho moja tu linaloona. La kushoto lilichomwa na tawi la mkahawa akiwa msichana. La kulia limeshikwa na mtoto wa jicho kwa miaka miwili, na tangu Jumapili linamuuma mpaka anatapika. Mwanawe na mkwe wake wamemteremsha mjini. Karani kaingiza namba ya kadi, na kompyuta imekataa. Imesema jicho hilo lilishapasuliwa na kuwekewa lenzi tarehe kumi na nne Machi, katika Hospitali ya Mringaringa.

Na Mama Veronika hajawahi kukanyaga Mringaringa hata kwa kidonda cha kidole.

"Watakuwa wamechanganya majina," Lukresia alisema hatimaye. "Kina Veronika Mlay ni wengi kule juu."

"Majina sawa, dada," karani alisema. "Na namba ya kadi nayo wanachangia?"

Filemon hakucheka. Alikuwa amemtazama mkewe kwa jicho la mtu anayetafuta kitu mfukoni asikione.

Aliyemwokoa Lukresia ni yule yule ambaye Lukresia alimkosea. Mama Veronika alikuwa ameketi kwenye benchi, kitambaa cheupe kimefunika uso nusu, mikono juu ya fimbo. Alisikia kila neno.

"Filemon, mwache mke wako," alisema. "Huyu ndiye aliyenijazia fomu ya bima, akanipeleka kupigwa picha, akaniletea kadi mpaka mlangoni. Kama wamekosea huko kazini kwao, atawarekebisha. Si ndiyo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," Lukresia alijibu, na jasho likamteremka mgongoni asubuhi ya baridi.

Msomaji, usimwonee huruma bado. Fomu aliijaza kweli. Kadi aliileta kweli. Na tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na nusu alasiri, akiwa kwenye meza yake ya madai ya bima pale Mringaringa, ni vidole vyake vilivyoandika kwamba Veronika Mlay amepasuliwa jicho la kulia.

*

Daktari wa macho, Dokta Salvina, aliwapokea ofisini bila kupoteza dakika. Alimulika, akapima presha ya jicho, akanyanyuka.

"Mtoto wa jicho amepevuka kupita kiasi, sasa anavuja ndani. Ndiyo sababu ya maumivu haya. Nitampa dawa ya kuishusha presha, lakini dawa inatununulia siku mbili tu. Apasuliwe Ijumaa. Nikisema Ijumaa simaanishi Jumatatu."

"Ikipita Ijumaa?" Filemon aliuliza.

Dokta Salvina alimtazama mama, kisha akamtazama mwana. "Ana jicho lingine?"

Filemon alitikisa kichwa.

"Basi mmeshanielewa."

"Nitatafuta keshi," Filemon alisema. "Nitauza ng'ombe."

"Ng'ombe yupi?" Mama Veronika aliuliza kutoka kitini. "Wa mwisho si tulimuuza tukalipia hiyo bima? Ukaniambia, mama, ukishakuwa na kadi ng'ombe wa nini."

Lukresia aligeukia dirisha. Siku ile ya kumuuza ng'ombe alikuwepo. Alishika kamba.

"Nipeni mpaka kesho," alisema. "Naenda Mringaringa sasa hivi. Nitalimaliza."

*

Daktari Sylvanus Temu, mwenye Mringaringa, alikuwa akila ndizi nyama ofisini. Alimsikiliza Lukresia mpaka mwisho, akajifuta mdomo, akauliza swali moja.

"Ulimwandika mama mkwe wako mwenyewe?"

"Ulitaka orodha ijae siku ile. Ulisema niwachukue wazee, wasiosoma ujumbe kwenye simu. Ulikuwa umebaki mstari mmoja."

"Nilisema wazee. Sikusema wa nyumbani kwako."

"Daktari, nataka kulifuta dai lile. Moja tu."

"Ukifuta moja, watakuja kuuliza kwa nini. Wakija kwa moja watafungua faili la macho lote. Unajua lina mangapi?"

Lukresia alijua. Sitini na moja. Aliyaandika yote.

Daktari Sylvanus alisogeza sahani. Hakuwa mtu wa kufoka. Laiti angekuwa mfokaji, Lukresia angekuwa ameshamchukia zamani.

"Lukre, kaa. Ilipokuja sheria mpya ya bima tulishangilia wote. Kila mtu atakuwa na kadi, sivyo? Wakaja. Foleni ikafika barabarani. Halafu bima wakashusha bei wanazotulipa, na hiyo hiyo waliyoishusha wakawa wanailipa baada ya miezi mitano. Madai yangu halali wakayakata, mara saini haionekani, mara tarehe imekosewa. Januari nani alikulipa mshahara? Nilikopa. Nikasema sawa, wakikata dai moja, mimi nitaandika mawili. Wao wakaona madai yamezidi, wakaongeza kukata. Nami nikaongeza."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa yuko katikati," alisema, kama anayetaja kituo cha basi.

Lukresia alikumbuka alivyoanza. Chupa ya vitamini aliyoandikiwa mtu bila kupewa. Kipimo kimoja kikawa viwili. Mwisho wa mwezi bahasha ndogo, "ya sabuni" kama alivyoiita daktari, na hakuiuliza sabuni gani inagharimu laki na nusu. Kabla hajafika kwenye macho alikuwa ameacha kuona watu ndani ya zile namba.

"Ijumaa atapofuka," alisema. "Ana jicho moja."

Daktari Sylvanus alitazama kalenda ukutani. Kisha, taratibu, uso ukamfunguka.

"Kesho bingwa wa macho anakuja kutoka Arusha. Anakaa mpaka saa saba mchana. Mlete mama hapa asubuhi. Lenzi nitaitoa mimi, upasuaji bure. Rekodi inasema alipasuliwa Mringaringa, si ndiyo? Basi apasuliwe Mringaringa." Akatabasamu. "Kesho jioni utakuwa hujadanganya."

Hebu fikiri, msomaji. Ungesema nini?

Lukresia alisema asante. Alisema mara mbili. Alitoka ofisini mwepesi kama aliyetua ndoo, na alikuwa ameshafika getini ndipo aibu ilipomfikia, kwa sababu ya ule wepesi wenyewe.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Mama Veronika alikuwa Mringaringa, kwenye kitanda cha pili kutoka dirishani, amevikwa gauni la kijani la hospitali. Filemon alikwenda kutafuta pa kuegesha gari la kuazima. Lukresia alishuka ofisini kuchukua fomu ya kusaini. Alipanda ngazi akirudi, akamsikia mama mkwe wake akizungumza na mtu.

Kwenye kitanda jirani aliketi mzee mwembamba, kofia kaiweka magotini.

"Shikamoo, mzee," Lukresia alisema.

"Marahaba, binti."

"Huyu ndiye mkwe wangu niliyekuambia," Mama Veronika alisema kwa fahari, akielekeza uso pasipo na mtu. "Anafanya kazi hapa hapa. Mwanangu, msikilize Mzee Eliakim. Ametoka Kahe tangu alfajiri. Mweleze, mzee. Huyu ana roho nzuri, atakusaidia."

"Ah, mimi nimeshasaidika, mama," mzee alisema. "Nimeshalipa."

"Ulilipa na kadi unayo?" Mama Veronika alishangaa.

"Kadi ninayo. Nilikwenda nayo hospitali mbili. Kote wananiambia, mzee, wewe jicho lako la kulia lilishapasuliwa. Nikamwambia yule karani, binti yangu, hili jicho ninalokutazama nalo halikuoni. Akasema kompyuta haidanganyi." Mzee alicheka kidogo. "Nikarudi nyumbani. Tuna shamba la mpunga pale linalopata maji ya mfereji. Nimelikodisha misimu miwili, nikaja hapa na keshi. Zamani mdogo wangu alipasuliwa kwa laki tatu na nusu. Mimi nimelipa laki nane. Nikauliza mbona imepanda, na bima sasa ni ya watu wote? Wakasema ni hivyo hivyo, kila kitu kimepanda."

"Kadi umeitupa?"

"Nimempa mjukuu achezee."

Lukresia alishika chuma cha kitanda. Eliakim wa Kahe. Mstari wa kumi na saba. Alikumbuka mpaka alivyolikosea jina akalirudia. Bima ilikuwa imeilipa Mringaringa kwa jicho lile ambalo halikuguswa. Sasa mzee mwenyewe amekuja kulilipia mara ya pili, kwa shamba lake, kwenye mlango ule ule.

Na alikuwa anamtazama kwa shukrani.

"Mzee Eliakim!" nesi aliita mlangoni. "Zamu yako."

Mzee alisimama, akavaa kofia, akakumbuka, akaivua. "Mungu awabariki na kazi yenu, binti," alisema, akaongozwa kwenda chumba cha upasuaji.

Lukresia angeweza kumzuia. Angeweza kusema neno moja pale pale. Hakusema. Jambo hilo litamsumbua kuliko yote, na nakuambia mapema ili usije ukadhani alikuwa shujaa.

Mlango ulifungwa.

"Mbona hukumjibu?" Mama Veronika aliuliza.

"Mama."

"Sema."

"Lile jicho lako. Niliandika mimi."

Mama Veronika aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza mvua kwenye bati.

"Uliandika nini?"

"Kwamba ulipasuliwa. Machi. Ili hospitali ilipwe."

"Kwa nini mimi?"

Hapo Lukresia alitamani awe na sababu kubwa. Deni, tishio, hata chuki. Hakuwa nayo.

"Ulikuwa umebaki mstari mmoja. Namba yako naijua kwa kichwa. Nilijua hutakuja kuuliza."

Mama Veronika aligeuzia uso kitanda cha jirani. Nje mtu alikuwa akifagia ukumbi.

"Na yule mzee?"

"Naye."

"Mko wangapi... tuko wangapi?"

"Sitini na moja."

Mama Veronika aliteremsha miguu chini. Akapapasa pembeni ya kitanda mpaka akalipata kitenge chake.

"Nifunge."

"Mama, bingwa anaondoka saa saba. Ni bure. Jicho haliwezi kungoja..."

"Nimesema nifunge kitenge. Mafundo siyaoni."

Lukresia alimfunga. Fundo lilimtoka mara mbili.

"Wakinipasua hapa," Mama Veronika alisema, "uongo wako utapata shahidi, na shahidi ni jicho langu. Nitaamka kila siku nikiona vitu kwa uongo huo. Sitaki. Nenda kawaambie watu wa bima. Wote sitini na moja, usianze na mimi. Anza na yule mzee."

"Watanifunga."

"Watakufunga," alikubali. Halafu sauti ikamvunjika kwa mara ya kwanza. "Unadhani nafurahi? Nani ataniogeshea mtoto Brenda, nani ataniletea mtori nikiumwa? Nenda, kabla sijabadilisha mawazo. Naumwa sana, mwanangu. Naogopa giza kama mtu mwingine."

*

Ofisi ya bima iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mkaguzi wa madai aliitwa Mektrida Ngowi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Alisoma karatasi za Lukresia, kurasa nne za mkono, jina la Eliakim likiwa la kwanza. Alisoma tena. Akaenda kufunga mlango.

"Umeleta mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hujatumwa na mwanasheria?"

"Nimetumwa na mama mkwe wangu."

Mektrida alivaa miwani. "Unajua tumetangaza mchango unapanda mwakani? Watu wanapiga simu wanatutukana. Wanasema tuliahidi nafuu, iko wapi nafuu? Wanadhani tunakula sisi." Aligonga zile kurasa kwa kidole. "Mringaringa ni hospitali moja, faili moja, la macho tu. Zidisha mwenyewe."

"Na nyie mnachelewesha malipo miezi mitano," Lukresia alisema, akashangaa kujisikia. "Hata ya kweli mnayakata. Hapo ndipo yalipoanzia."

Alidhani atafukuzwa. Mektrida alivua miwani tena.

"Hilo nalo ni kweli," alisema polepole. "Liandike. Mimi nikiliandika haliendi mbali."

Lukresia akaliandika. Kisha akasema lililomleta. "Mama Veronika apasuliwe kesho. Naomba mfute ile rekodi leo."

"Kufuta rekodi kunapitia Dar es Salaam. Siku ishirini na moja za kazi."

"Atakuwa kipofu!"

"Ngoja nimalize. Kuna kibali cha dharura. Natoa mimi, hapa, leo, kama nina maelezo yaliyosainiwa kwamba dai la kwanza ni la uongo na nani aliliandika. Ukishasaini, nakala inakwenda polisi. Sina njia ya kuizuia, na sitaitafuta."

Alisukuma karatasi mezani. Lukresia hakuisoma yote. Alitafuta mahali pa saini tu, kama vile wazee wa Mwika wanavyotafuta, akasaini.

*

Jioni ile alimweleza Filemon nje ya hospitali kubwa, alikokuwa amemrudisha mama mchana, karibu na wauza matunda. Alijiandaa kwa kelele. Alijiandaa hata kwa kofi, ingawa miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kupigwa.

Filemon ni mpandisha wageni mlimani. Ni mtu aliyezoea kutembea na maneno machache. Alisikiliza akiwa ameangalia viatu vyake.

"Mama yangu," alisema tu. "Mama yangu mwenyewe."

"Sina cha kujitetea."

"Yote umeandika? Kila kitu?"

"Majina yote."

"Na habari za lenzi? Zilikotoka?"

"Hakukuwa na lenzi, baba Brenda. Hakuna aliyepasuliwa."

"Najua. Nauliza kama umeandika."

Lukresia alidhani ni hasira inayomfanya aulize vitu visivyo na kichwa. Alisema hapana, hakuandika, habari hizo hazijui, zilikuwa mezani kwa daktari. Filemon akatikisa kichwa, akaenda kulala garini. Mkewe alibaki kwenye benchi la wodi, karibu na miguu ya mama mkwe, akisikiliza pumzi zake.

Simu yake iliita mara tisa. Ni Daktari Sylvanus. Mara ya kumi ukaja ujumbe: *Mzee wa Kahe kapona vizuri, anakusalimia.* Akausoma, akaingia chooni, akalia huku maji ya bomba yakimwagika ili watu wasisikie.

*

Ijumaa, saa nne, kibali kilikubaliwa. Kompyuta haikukataa. Mama Veronika aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa ameshika mkono wa nesi, na mlangoni aligeuka.

"Lukresia yupo?"

"Nipo, mama."

"Usiondoke."

Ilichukua muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Dokta Salvina alitoka, kofia ya kijani imelowa jasho.

"Tumeiwahi," alisema. "Kwa siku moja, pengine nusu. Lenzi imekaa. Kama mshipa wa jicho haujaumia, ataona. Kesho asubuhi nikifungua bandeji ndipo tutajua."

Usiku ule hakuna aliyelala, na sina haja ya kukueleza zaidi.

Jumamosi saa tatu asubuhi Lukresia alikuwa tayari. Alikuwa ameshampigia dada yake amchukue Brenda shuleni Jumatatu. Ndani ya mfuko wa plastiki aliweka sweta, mswaki na kanga mbili, akauficha chini ya kiti. Mektrida alikuwa ameahidi kwamba polisi wakija atawaomba wangoje mpaka bandeji itoke. Jambo hilo peke yake ndilo aliloliomba kwa ajili yake mwenyewe.

Walikuja mapema. Mektrida alitangulia, nyuma yake afisa wa polisi aliyevaa kiraia, shati la mistari, bahasha ya khaki mkononi. Walisimama kimya mlangoni. Lukresia aliwaona, akaitikia kwa kichwa. Filemon naye aliwaona. Alikuwa upande wa pili wa kitanda, na rangi ilimtoka usoni. Lukresia akamwonea huruma. Alidhani ni kwa ajili yake.

"Tuko tayari?" Dokta Salvina aliuliza.

"Mimi niko tayari tangu juzi," Mama Veronika alisema.

Bandeji ikatoka. Chini yake kipande cha pamba. Chini ya pamba jicho, jekundu pembeni, likipepesa kama la mtoto aliyeamshwa.

"Polepole," daktari alisema. "Usilazimishe. Unaona nini?"

Mama Veronika alipepesa tena. Machozi yalimshuka upande mmoja. Akanyoosha mkono, akamgusa daktari kwenye shavu.

"Una kipele hapa," alisema.

Nesi alipiga kigelegele akajizuia katikati. Lukresia alijikuta amepiga magoti, kichwa juu ya shuka. Akasikia mkono wa mama mkwe ukimshika kisogoni, mkono mzito wa mtu aliyekata majani ya ng'ombe maisha yake yote.

"Inuka nikuone," mama alisema. "Umekonda. Hukuniambia umekonda." Kisha jicho likapita juu ya bega lake. "Hawa waliosimama nyuma yako ni akina nani?"

"Ni wangu, mama." Lukresia aliinuka, akavuta ule mfuko chini ya kiti. "Wamenifuata mimi. Wamenisubiri kwa heshima. Nakwenda nao."

Alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Mektrida hakusogea kumpisha.

"Mama Brenda, weka mfuko chini," alisema, na sauti yake haikuwa ya ofisini. "Siku yako itakuja, sitakudanganya. Lakini leo hatukukufuata wewe."

"Hamkunifuata mimi?"

Afisa alifungua bahasha, akatoa karatasi zilizobanwa pamoja.

"Ili bima ilipe upasuaji wa jicho, hospitali huonyesha risiti ya lenzi iliyonunuliwa," alisema. "Jana jioni tulipekua Mringaringa. Risiti tumezikuta. Lenzi sitini na moja, zote zimetoka kwa muuzaji mmoja, na muuzaji mwenyewe ni kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Kila risiti ina saini ya mwenye kampuni." Alitazama juu. "Filemon Mlay ni nani hapa?"

Mfuko ulimponyoka Lukresia. Mswaki ukabingirika chini ya kitanda.

"Baba Brenda?" alisema. "Si kweli. Waambie si kweli."

Filemon alirudi nyuma hatua moja.

Mama Veronika alijiinua kwenye mito, polepole, akamgeukia. Kwa miaka miwili alikuwa akimjua mwanawe kwa sauti tu na kwa mlio wa viatu vyake uani. Sasa alikuwa anauona uso wake wote, mchana kweupe, kila mstari.

Na Filemon, aliyekuwa amezoea mama asiyeona, alichelewa kuuficha.